Nyonga imara kwa mchezaji wa mchangani: anza na ndani ya paja

Ukitaka miguu yenye nguvu hapa Mwanza, utaambiwa upandishe mbio kilima cha Bugando. Ushauri huo ni mzuri: makalio na nyama za nyuma ya paja hupata kazi, na hizo ndizo zinazokusukuma mbele. Lakini kwa misuli ya ndani ya paja, mlima peke yake hautoshi. Ndiyo inayofanya kazi kubwa unapogeuka ghafla, unapochonga krosi au unapotanua mguu kunyang'anya mpira. Ikiwa dhaifu, kinena ndicho kinacholipa.

Jipime kwanza. Lala chali, miguu imenyooka, mwenzako aweke mkono wake kati ya vifundo vyako. Bana kwa nguvu zote kwa sekunde 5, kisha yape maumivu ya kinena alama, 0 hadi 10. Ukipata 0 hadi 2, endelea. Ukipata 3 hadi 5, punguza mashuti na mbio za kasi. Kuanzia 6, pumzisha mechi ukapimwe hospitali.

Zoezi lenyewe huitwa Copenhagen. Lala ubavu, kiwiko kiwe chini ya bega. Mwenzako asimame nyuma yako na kuushika mguu wako wa juu, mkono mmoja kwenye kifundo na mwingine kwenye goti, usawa wa nyonga yako. Inua mwili kwa sekunde 3 huku mguu wa chini ukipanda hadi ukutane na wa juu, kisha shuka kwa sekunde 3. Kosa kubwa ni kiuno kulegea na kuning'inia. Hapo mgongo unabeba mzigo na paja halifanyi kitu. Kosa la pili ni kushuka kwa kujiachia, wakati kushuka polepole ndiko kunakojenga msuli. Likikushinda, ashike gotini tu, au egemeza goti kwenye benchi.

Wiki ya kwanza fanya siku 2, marudio 5 kila upande. Wiki ya pili siku 3, marudio 8. Ongeza taratibu hadi 12 au 15 kufikia wiki ya sita. Ligi ikianza, siku moja kwa wiki inatosha, ila usiache. Timu za Norway zilizofuata mpango wa aina hii msimu wa 2017 zilipunguza hatari ya matatizo ya kinena kwa asilimia 41. Usianze siku mbili kabla ya mechi: mapaja yatakaza na utacheza mzito.

Kwa ubavu wa nyonga, funga kipande cha tyubu ya baiskeli juu kidogo ya magoti, chuchumaa nusu, tembea kiubavu hatua 10 kwenda na 10 kurudi, mara 3. Magoti yasiingie ndani.

Ukifanyia mazoezi ufukweni, usipoze miguu kwa kusimama ziwani. Vimelea vya kichocho hupenya ngozi. Beba ndoo ya maji ya bomba.