Kulainisha cherehani ya zamani iliyokaza

Cherehani ya chuma iliyokaa miaka bila kushonewa mara nyingi si mbovu. Mafuta ya zamani yamekauka yakawa gundi, na hali huwa mbaya zaidi kama iliwahi kutiwa mafuta ya kupikia. Gundi hiyo huyeyuka, ila inataka subira. Ukilazimisha gurudumu kwa koleo utavunja kitu ambacho kilikuwa kizima.

Andaa bisbisi inayojaa vizuri kwenye mtaro wa skrubu, brashi ya meno, kibano, matambara, mafuta ya taa na mafuta halisi ya cherehani.

1. Jua panapokaza. Chomoa umeme, vua mkanda, na hakikisha kijazia bobini hakigusi gurudumu. Sasa zungusha kwa mkono. Likizunguka kwa wepesi, tatizo liko kwenye mota au pedali, si kwenye kichwa, yaani mashine yenyewe.

2. Fungua na usafishe. Piga picha kwanza. Toa sindano, mguu, bobini na kikombe chake, kisha bamba la chini ya sindano. Katikati ya meno yanayosukuma kitambaa utakuta vumbi la nyuzi lililoshindiliwa hadi likawa gumu, lichokoe lote. Mulika tochi pale bobini inapokaa: kipande kimoja cha uzi kilichonasa humo kinatosha kufunga mashine nzima.

3. Yeyusha gundi. Fanya kazi hii penye hewa, mbali na moto. Dondoshea tone moja au mawili ya mafuta ya taa kila chuma kinaposuguana na chuma: matundu ya juu, mhimili wa sindano, na viungo vyote vya upande wa chini. Mota usiiguse kabisa. Tikisa gurudumu mbele na nyuma, hata likisogea upana wa ukucha tu. Liache usiku kucha, halafu rudia. Nyingine huachia siku ya kwanza, nyingine huchukua wiki.

Usifute mwili wa mashine kwa spiriti. Cherehani nyingi nyeusi zenye maua ya dhahabu zilipakwa shelaki, aina ya vanishi, na spiriti huiyeyusha pamoja na maua yake. Tambara lenye mafuta ya cherehani linatosha.

4. Tia mafuta. Mafuta ya taa husafisha, hayalainishi. Yakikauka huacha chuma kitupu. Futa, weka tone moja la mafuta ya cherehani kila sehemu, zungusha. Yakitoka ya kahawia, futa na uweke mengine mpaka yatoke meupe.

5. Jaribu. Weka sindano mpya na ushone tambara bila uzi kwanza, ndipo utie uzi. Kama ulifungua skrubu kubwa ya katikati ya gurudumu na sasa gurudumu haliachii wakati wa kujaza bobini, toa washa yake (pete bapa iliyo chini ya skrubu hiyo), izungushe nusu mzunguko, uirudishe.

Ikikaza tena baada ya siku chache, ni gundi iliyobaki ndani imekauka upya. Rudia hatua ya 3 na ya 4.