Vyombo vya jikoni kwa bajeti ndogo: anza na kitako cha sufuria

Kama pesa ni ya kuhesabu, achana na seti. Seti kubwa inavutia, lakini bei yake imetandazwa kwenye vyombo vingi ambavyo vingine hutavigusa kabisa, ndiyo maana kila kimoja kinakuwa chepesi. Nunua kimoja kimoja.

Hatua ya 1. Wiki nzima, andika unachopika na chombo ulichotumia. Kinachojirudia ndicho cha kwanza kununua.

Hatua ya 2: sufuria. Hapa usiwe na haraka. Igeuze uigonge kitako kwa kidole: kitako kinene hutoa sauti nzito, chembamba hulia kama kopo. Kisha lalisha rula juu yake. Kama kimebetuka kwa nje, sufuria itayumba kwenye jiko bapa.

Stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu, peke yake husambaza joto vibaya, na chakula huungulia pale pale moto unapogonga. Alumini huipita kwa zaidi ya mara 10. Kwa hiyo tafuta stenlesi yenye tabaka la alumini kitakoni; ukiitazama kwa ubavu utaiona kama sahani nene iliyobandikwa chini. Ikikushinda bei, alumini nene inatosha, ila usilaze ndani yake chakula kichachu.

Shika mpini huku ukikumbuka kwamba lita 3 za maji ni kilo 3. Mpini ukicheza dukani sufuria ikiwa tupu, rudisha.

Hatua ya 3: kisu. Kimoja kizuri chenye ubapa wa sentimita 20 hivi, pamoja na kinoo. Katia kwenye ubao wa mbao au plastiki. Ubao wa kioo humaliza makali upesi, hata ukipewa bure sioni faida yake.

Hatua ya 4. Mwiko, upawa, chujio: chukua vya bei ya chini, kazi ni ile ile.

Maswali ya wanachama

*Kikaango kisichogandisha chakula, ninunue cha bei ghali?*
Hapana. Utando wake huchakaa hata ukiutunza. Nunua cha wastani, usikipashe kikiwa kitupu, maana ukipita nyuzi 260 za Selsiasi utando huanza kuharibika. Pesa ya ziada ipeleke kwenye sufuria.

*Vyombo vilivyotumika vinafaa?*
Vya chuma kizito vinafaa sana. Kutu ya juu juu isugue mpaka itoke, kausha, paka mafuta membamba, pasha moto mkali mpaka yakauke na kushika, rudia. Ila chenye ufa usikichukue, wala chenye enameli (ule utando mgumu wa kioo) iliyobanduka ndani.

*Nitajuaje kama sufuria itafanya kazi kwenye jiko la induksheni, lile la umeme linalopasha sufuria kwa nguvu ya sumaku?*
Nenda na sumaku ndogo mfukoni. Iguse kwenye kitako: ikinasa kwa nguvu, nunua, ikinasa kwa kulegea, itapasha kwa shida, isiponasa, iache hapo hapo.