Mradi wa sayansi kuhusu tabia za wanyama: tumia kuku wa nyumbani

Wakuu habari zenu. Maonesho ya sayansi yakikaribia madogo wanakuja na "tabia za simba", wamekopi kitabuni wakabandika kwenye manila, jaji akiuliza ulipima nini kimya. Na kuku wapo uani! Nawapa mradi mmoja mzima nilioufanya na wanafunzi wangu wa form two.

1. Swali. "Kuku wanapenda nini" halipimiki. Uliza hivi, kuku akiwekewa mchele mwekundu, wa kijani na wa kawaida, anadonoa upi kwanza? Andika na unachotegemea kabla hujaanza.

2. Ruhusa. Mwalimu aone mpango kwanza. Hata ISEF, yale maonesho ya kimataifa ya sayansi ya wanafunzi kule Marekani, mradi wa wanyama wenye uti wa mgongo lazima upitishwe kabla hujaanza. Na usimshindishe kuku njaa, mpime asubuhi tu kabla hajatoka kwenda kuchakura.

3. Vifaa. Mchele, rangi ya keki, vibakuli 3 vinavyofanana, simu ya kuangalia muda, daftari. Wengi wanaharibia hapa, mchele wa rangi wanauloweka halafu ule wa kawaida wanauacha mkavu, sasa utajuaje kama kuku kafuata rangi au ulaini? Loweka wote kwa maji kiasi kilekile, anika pamoja.

4. Mmoja mmoja. Mnorwe Thorleif Schjelderup-Ebbe alianza kuwachunguza kuku tangu utotoni, na miaka ya 1920 akaeleza kwamba wana vyeo, wa juu anamdonoa wa chini na wa chini anampisha. Kwa hiyo ukiwaweka kuku 6 pamoja unapima ubabe, sio rangi. Ila kuku akiwa peke yake anahangaika, siku mbili tatu za mwanzo mzoeshe tu pale pa kupimia bila kuandika kitu. Wa kienyeji hawahitaji alama, huyu kishingo, huyu madoa, unawajua.

5. Hamisha vibakuli kila mara. Mwanafunzi wangu mmoja alifanya kazi siku nyingi kibakuli chekundu kikiwa upande wa mlangoni muda wote, jaji akamuuliza kuku alifuata rangi au mlango, akakosa la kujibu. Iliniuma sana maana mimi ndiye niliyetakiwa kuliona mapema.

6. Jitoe wewe. Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20 kulikuwa na farasi anaitwa Hans, watu waliamini anajua hesabu kwa kugonga kwato, mpaka mwaka 1907 Oskar Pfungst akaonesha kwamba alikuwa anasoma mwili wa anayemuuliza, na mwenye farasi wala hakuwa anadanganya, alikuwa hajui. Kuku wako anakujua wewe unayemlisha, ukiinamia kibakuli kimoja atakuja hapo hapo. Weka vyote, fungua mlango, kaa mbali nyuma.

7. Hesabu. Kuku 6 kwa siku 5 ni mara 30. Kama hawajali rangi, kila moja itapata kama 10. Ukipata 12, 10, 8 usitangaze wanapenda kitu. Ukipata 22, 5, 3 hapo kuna jambo, ila onesha jedwali la kila kuku, isije kuwa wawili tu ndio wamebeba matokeo yote.

MASWALI

Mwalimu, kwani kuku anaona rangi?
— Tena kutuzidi. Jicho letu lina aina 3 za seli za rangi, lake lina 4, anaona mpaka urujuanimno, mwanga ambao sisi hatuuoni.

Kuku wangu mmoja siku mbili hakudonoa kabisa, nimfute?
— Usimfute mwanangu. Andika "hakudonoa", na hayo ni matokeo.

Rangi ya keki huku hakuna, tutumie ya kupaka ukuta au wino?
— Hapana kabisa, utamdhuru. Bizari inaweza, ila ina harufu na ladha yake, hivyo hutakuwa unapima rangi peke yake tena, na hilo uliseme mbele ya jaji.

Sisi tupo ghorofani hatuna kuku, sisimizi wanafaa?
— Wanafaa sana. Weka tone la maji ya sukari na la maji ya chumvi, hesabu waliopo kila dakika 5. Ila wanaacha harufu njiani na wenzao wanaifuata, kwa hiyo kila raundi tandika karatasi mpya.