Jinsi ya kuchimba historia ya mtaa wa pembezoni wa Edinburgh, tuchukue Corstorphine

Watu wakifika Edinburgh, mji mkuu wa Scotland, wanakimbilia kasri na Royal Mile, ile barabara ya mji mkongwe, alafu wanaondoka wakidhani historia yote iko pale juu ya mwamba, kumbe mitaa ya pembeni unayoipita tu na basi ukitokea airport nayo ina mambo mazito, na hata wanaoishi huko wengi hawajui wanakanyaga nini kila siku. Natumia Corstorphine, magharibi mwa jiji, manake kwa macho ni mtaa wa kawaida kabisa, banglo za miaka ya 1920 na 1930 zimejipanga, maduka, foleni ya magari St John's Road. Ukiishaizoea njia hii unaweza kwenda nayo Colinton, Liberton, hata mitaa ya Glasgow.

Kitu cha kwanza ushike hiki: Corstorphine ilikuwa kijiji kinachojitegemea, imeingizwa kwenye mipaka ya Edinburgh mwaka 1920, mwaka uleule wa Leith, Cramond, Colinton na Liberton. Kwa hiyo habari za kabla ya hapo usizitafute chini ya Edinburgh, tafuta parokia ya Corstorphine, la sivyo utazunguka sana na hutoki na kitu.

Alafu anza na ramani, vitabu baadaye. Tovuti ya National Library of Scotland imeweka ramani za zamani bure, na kuna sehemu unafungua ya zamani upande mmoja na picha ya satelaiti ya leo upande wa pili, ukisogeza hii na ile inafuata. Fungua ya Ordnance Survey, shirika la serikali la kuchora ramani, ya katikati ya karne ya 19, utaona vijumba vimekusanyika karibu na kanisa na pande zote ni mashamba, kisha sogea mbele ramani moja baada ya nyingine uone banglo zinavyoyameza yale mashamba. Usijaribu kuandika kila kitu. Andika barabara ambazo hazijahama, majengo ambayo bado yapo, na vitu vilivyopotea, na hivyo vilivyopotea ndo vitamu zaidi. Mfano reli: tawi la Corstorphine lilifunguliwa 1902 na likafungwa mwanzoni mwa 1968, leo treni hakuna lakini Station Road ipo na jina lake, na ukienda Pinkhill unakuta njia ya waenda kwa miguu na baiskeli imepita palepale ilipokuwa reli, majukwaa ya stesheni bado yapo pembeni yamezungukwa na miti.

Ukishakuwa na orodha yako, toka nje. Nenda mpaka kanisa la zamani, Corstorphine Old Parish Church, la karne ya 15, lenye paa la mawe. Watu wengi wanasoma kibao wanapiga picha wanaondoka. Wewe zunguka mpaka ukuta wa mashariki uangalie juu, kuna kishubaka, humo ndimo ilimokuwa inawekwa taa. Eneo hili zamani lilikuwa na ziwa na vinamasi, msafiri akitembea usiku anaweza kuzama, kwa hiyo taa ya kanisa ndiyo iliyokuwa inamwonyesha njia. Na mafuta ya taa yanataka pesa, hivyo kulikuwa na kipande cha ardhi ambacho mapato yake ni ya kuitunza taa ile, ndo maana mpaka leo kuna barabara inaitwa Lampacre Road. Mimi hapa huwa nasisimka kweli, mtu anapaki gari Lampacre Road kila jioni na juu ya kichwa chake kuna historia ya msafiri anayetafuta njia gizani! Kwa hiyo usidharau majina ya barabara, yasome yote, Castle Avenue, Dovecot Road, Ladywell Road, Forrester Road, kila moja jiulize limetoka wapi.

Forrester walikuwa mabwana wa eneo hili, ndani ya kanisa kuna makaburi yao yenye sanamu za mawe zilizolala, wao na wake zao, ila usitegemee kulikuta wazi muda wote, angalia ratiba kabla hujatoka. Kasri lao limeshabomolewa, kilichobaki ni mnara wa njiwa wa karne ya 16, uko hapohapo Dovecot Road, ndani una viota zaidi ya 1,000. Hao njiwa walikuwa nyama ya mezani kwa bwana.

Karibu na huo mnara ndo utasikia hadithi ya Bibi Mweupe. Hapa nataka uwe makini. Mwaka 1679 James, Lord Forrester, aliuawa na mwanamke aitwaye Christian Nimmo, na huyo mwanamke akanyongwa… hapana, wengi wanasema hivyo lakini alikatwa kichwa, mwaka huohuo, Edinburgh mjini. Hayo yana rekodi. Kwamba mzimu wake bado unatembea kuzunguka mti mkubwa wa sikamo na upanga mkononi, hayo ni masimulizi, na mti wenyewe uliangushwa na dhoruba Desemba 1998. Masimulizi usiyatupe, yaandike, lakini kwenye daftari lako yape ukurasa wake, usiyachanganye na yenye ushahidi, manake ukishachanganya mara moja kuja kutenganisha ni kazi.

Sasa watu wa kawaida, na kwangu mimi hii ndo sehemu yenye uzito kuliko mabwana wote. Chagua nyumba moja tu ya zamani. Ingia ScotlandsPeople, tovuti rasmi ya serikali ya rekodi za watu wa Scotland, kutafuta majina ni bure ila kufungua picha ya rekodi yenyewe mara nyingi unalipa kwa krediti, kwa hiyo usibofye ovyo. Kuna sensa kuanzia 1841 mpaka 1921, kila miaka 10. Kuanzia ya 1861 kuna safu inayosema nyumba ina vyumba vingapi vyenye dirisha, yaani unaweza kukuta baba, mama, watoto sita na mpangaji, dirisha moja. Soma mstari huo taratibu. Soma na safu ya mahali walipozaliwa, utaona wangapi walitoka mbali kuja kufanya kazi kwenye mashamba na nyumba za wakubwa. Vizazi, ndoa na vifo viko kwenye rejesta za serikali kuanzia 1855, kabla ya hapo unategemea vitabu vya kanisa ambavyo vina mapengo mengi.

Kutaka kujua hali ya parokia nzima, kuna zile Statistical Accounts, vitabu vinavyoeleza hali ya kila parokia ya Scotland, ya kwanza ya miaka ya 1790 na ya pili ya 1834 mpaka 1845, ziko kwenye intaneti. Ile ya kwanza iliandaliwa na Sir John Sinclair, aliwatumia wachungaji maswali zaidi ya 160 kuhusu mazao, mishahara, magonjwa, shule, na kila mmoja akajibu kwa mtindo wake. Kumbuka tu anayeongea ni mchungaji, akisema maskini ni wavivu hayo ni maoni yake.

Makaburini: Scotland jiwe la kaburi mara nyingi linamwandika mke kwa jina la ukoo wa baba yake, kwa hiyo ukiona majina mawili tofauti usidhani hawakuoana, na hapo umepata ukoo wa pili wa kufuatilia bila kulipa kitu. Maandishi yakiwa yamefifia nenda jua likiwa chini, mwanga wa pembeni unayaonyesha vizuri, usisugue jiwe wala kupaka chaki, yanabanduka.

Mwisho kabisa pita Dower House, ndani ya St Margaret's Park, ndiko iliko Corstorphine Trust, wana picha na kumbukumbu za mtaa. Usiingie na swali kubwa la "niambieni historia ya hapa", ingia na jina la barabara, mwaka na nyumba, utashangaa mazungumzo yatakavyofunguka. Na ukipiga picha zako mwenyewe ziandike tarehe na barabara siku hiyohiyo, uwaachie nakala wakizihitaji.