SSPORT.SYS: namna ya kuikagua na kuiondoa draiva ya printa yenye tundu

Kama kompyuta yako ya Windows iliwahi kufungwa printa ya leza ya HP, Samsung au Xerox, hata ikiwa printa yenyewe ilishauzwa, angalia kama limebaki faili liitwalo SSPORT.SYS. Draiva hiyo, yaani programu inayoiwezesha Windows kuwasiliana na printa, ilianza kusambazwa mwaka 2005. Tundu lake la usalama, lililosajiliwa kwa namba CVE-2021-3438, lilitangazwa Julai 2021 na watafiti wa kampuni ya usalama wa kompyuta ya SentinelOne, na ukali wake ulipimwa 8.8 kati ya 10. Modeli zaidi ya 380 za HP na Samsung zimo, pamoja na kadhaa za Xerox.

Kosa ni dogo. Programu ya kawaida inapotuma ombi, draiva hunakili maandishi ya mtumaji kwenye bafa yake (nafasi ya kumbukumbu yenye ukubwa maalumu) kwa strncpy, amri ya lugha ya C ya kunakili maandishi. Strncpy inasifika kuwa salama kwa sababu inadai kipimo, ila hapa kipimo chenyewe anakitaja mtumaji: muuza sukari amemwachia mteja mizani. Bafa ikifurika, baiti zilizozidi huandikwa juu ya kumbukumbu ya jirani. Na kwa kuwa draiva hufanya kazi ndani ya kiini cha mfumo, mwenye akaunti ya kawaida anaweza kujipa mamlaka ya SYSTEM, akaunti ya Windows yenyewe iliyo juu hata ya msimamizi. Tundu hili peke yake halimwingizi mtu kutoka mbali. Lazima awe na njia ya kuendesha programu kwenye mashine hiyo. Kwa kompyuta ya steshenari inayopokea flashi za kila mtu, hilo si sharti gumu.

Fungua Command Prompt kama msimamizi, uandike:

driverquery /v | findstr /i ssport
dir C:\Windows\System32\drivers\ssport.sys

Amri ya kwanza huonyesha kama draiva imesajiliwa na kama inafanya kazi. Ya pili huonyesha kama faili lipo. Kuchomoa kebo hakusaidii kitu: draiva hii hupakiwa kila Windows inapowaka, printa iwepo isiwepo.

Kama printa bado inatumika, pakua kiraka (sasisho linaloziba tundu) kwenye tovuti ya HP au Xerox kwa namba kamili ya modeli iliyobandikwa kwenye printa. HP ilikitoa Mei 2021. Ile CD iliyokuja na printa iweke kando kabisa, maana itarudisha toleo lenye tundu.

Kama printa haipo tena, ifute kwanza kwenye Settings, kisha:

printui /s /t2

Chagua draiva, bonyeza Remove, halafu chagua kuondoa draiva pamoja na kifurushi chake. Windows ikilalamika kwamba inatumika, mara nyingi ni spula, huduma ya Windows inayopanga foleni ya kuchapisha, iliyoishikilia. Andika net stop spooler, kisha net start spooler, ujaribu tena papo hapo kabla hakijatumwa cha kuchapisha.

Wakati mwingine SSPORT hubaki hata baada ya hapo. Izime kwa jina lililo kwenye safu ya kwanza ya driverquery:

sc config SSPORT start= disabled

Nafasi baada ya alama ya = ni ya lazima; ukiiacha, amri hukataa. Na usiiandike hivi kwenye Windows PowerShell, kwani huko sc ni kifupi cha amri ya kuandika kwenye faili, andika sc.exe. Washa kompyuta upya, rudia ukaguzi, na ukiona draiva haifanyi kazi tena (Stopped), futa faili.

Wanaoandika draiva wana la kutazama hapa. Ndani ya SSPORT.SYS kuna sentensi "This String is from Device Driver@@@@", dalili kwamba msimbo ulichukuliwa kutoka mfano wa mafunzo wa Microsoft. Mfano huo hauna tundu. Lililokosekana kwenye SSPORT ni mstari mmoja kabla ya kunakili: linganisha urefu uliotajwa na ukubwa halisi wa bafa, na ukizidi, rudisha STATUS_BUFFER_TOO_SMALL.