Somo: Kuendesha kompyuta iliyoko Kasulu ukiwa umekaa Mwanga

Wakuu, habari za kazi.

Mpwa wangu ana steshenari Kasulu, mimi niko Mwanga hapa Kigoma mjini. Zamani kompyuta yake ikigoma, dawa ilikuwa basi: karibu kilomita 100 kwenda, nafika, nabonyeza vitu viwili, narudi na vumbi la stendi. Sasa naingia kwenye kompyuta yake nikiwa nyumbani. Naiona skrini yake yote, na maus ya kule inatembea kwa mkono wangu.

Programu za kazi hii ni nyingi. AnyDesk na TeamViewer wengi mnazijua, ila bure yao ni ya matumizi binafsi. Duka si matumizi binafsi, na TeamViewer ikishuku unafanya biashara inakukatia. Kwa hiyo nafundisha Chrome Remote Desktop, ambayo haidai kitu. Mnachohitaji ni kivinjari cha Chrome pande zote mbili na akaunti ya Google kila mmoja.

Hatua ya 1. Mwenye kompyuta yenye shida afungue remotedesktop.google.com/support. Aandike anwani mwenyewe kule juu, asitafute tu jina na kubofya tangazo la kwanza, kwa sababu kurasa feki za programu za aina hii zipo. Atabofya alama ya kupakua kwenye sehemu ya kushiriki skrini, kisha ataweka programu ndogo ya Google kama anavyoweka programu nyingine yoyote.

Hatua ya 2. Abofye kitufe cha kutengeneza kodi, yaani namba ya siri ya kukuruhusu uingie. Zitatokea tarakimu 12. Hapa ndipo kazi ilipo, kwa sababu kodi hiyo inaishi dakika 5 tu na inatumika mara moja. Siku ya kwanza mpwa wangu alinisomea "mia nne na kumi na mbili, elfu sita…" Nikaandika 412 au 40012, sijui. Nikarudia, akasema, "Mjomba, imekufa." Tukatengeneza nyingine, mteja akaingia kutoa kopi, nayo ikafa. Tangu hapo tuna utaratibu: anasoma tarakimu moja moja, nne nne, mimi narudia, ndipo anaendelea. Au anaituma WhatsApp, mambo kwisha.

Hatua ya 3. Wewe msaidizi fungua ukurasa huohuo, nenda kwenye sehemu ya kuunganisha na kompyuta nyingine, weka kodi. Kule kitatokea kidirisha kikimwonyesha barua pepe yako. Aisome kwanza, ndipo akubali. Kila baada ya dakika 30 ataulizwa kama aendelee, kwa hiyo asiende kula akakuacha katikati ya kazi.

Hatua ya 4. Fanya kazi. Kuna jambo moja linawatoa watu jasho. Ukitaka kubadilisha kitu kizito, Windows hufifisha skrini na kuuliza kama inaruhusiwa. Swali hilo hutokea kwenye skrini iliyotengwa kwa usalama, na kwa njia hii ya kodi unaweza usilione kabisa. Utadhani mtandao umekufa, kumbe kule kuna kitufe kinasubiri. Mpigie simu, mwambie abofye "Yes".

Mfano wa juzi: printa ya mpwa haitoi karatasi, foleni ya uchapishaji imejaa, ukifuta kazi haifutiki, na wanafunzi wamepanga mstari na fomu zao. Niliingia, nikaandika services.msc kwenye sehemu ya kutafutia, nikaisimamisha "Print Spooler", huduma ya Windows inayoshika foleni ya uchapishaji. Kisha nikaenda C:\Windows\System32\spool\PRINTERS nikafuta vilivyomo ndani (vilivyomo tu, folda lenyewe liache), nikaiwasha tena Spooler. Printa ikaanza kutapika karatasi huku nasikia wanafunzi wakishangilia kwenye simu.

Hatua ya 5, kwa wanaosaidia mtu yuleyule kila mara. Kodi za kila siku zinachosha. Kwenye kompyuta ya kule fungua remotedesktop.google.com/access, washa ufikiaji, ipe kompyuta jina na PIN isiyopungua tarakimu 6. Tumieni akaunti ya Google ya duka. Akaunti yako yenye picha za familia na barua pepe zako usiiache kwenye kompyuta inayoguswa na kila mtu. Mwisho, zima usingizi kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, kwa sababu kompyuta iliyolala huipati.

MASWALI YA WANACHAMA

Mdau wa Urambo: Mkuu, mtandao wetu ni wa kusuasua. Itawezekana?
Itawezekana, ila kwa subira. Kinachokula bando ni picha ya skrini. Mienendo ya maus ni midogo. Mwambie aweke rangi moja badala ya picha ya ukutani, afunge video zote, na wewe usitembezetembeze madirisha ovyo.

Mdau wa Ujiji: Windows si ina ya kwake? Kwa nini tusitumie hiyo?
Inayo, na ndani ya ofisi moja ni nzuri, haihitaji hata bando. Shida ni mbili. Kompyuta inayoingiliwa lazima iwe na Windows Pro au zaidi. Windows Home, ile ya kawaida ya nyumbani, inaweza kuingia kwa mwenzake lakini haiingiliwi. Halafu ukitaka kuitumia ukiwa mbali, wengine wanafungua mlango wa mtandao (port) namba 3389, unaotumiwa na huduma hiyo, kwenye ruta kuelekea intaneti. Usithubutu. Wezi wanazungukia mlango huo usiku na mchana. Tumia VPN (njia ya faragha inayopita ndani ya intaneti) au achana nayo.

Mdau wa Kibondo: Umeme ukikatika na kurudi, nitaipataje kompyuta?
Kama ni ya mezani, ingia BIOS (mipangilio ya kompyuta yenyewe, inayofunguliwa kabla Windows haijawaka) utafute kipengele kinachosema ifanye nini umeme ukirudi, weka iwake. Ufikiaji wa PIN unaanza wenyewe na Windows, hata kabla mtu hajaingia.

Mdau wa Nzega: Mama yangu alipigiwa na mtu anayedai ni wa benki, akaambiwa asome kodi ya namna hii.
Mkuu, hao ni ndugu wa wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Kodi unampa mtu uliyempigia wewe. Kama ameshaisoma, azime intaneti hapohapo, abadilishe nywila zake kwa kutumia kifaa kingine, apige benki kwa namba iliyo kwenye kadi.

Mdau wa Mwandiga: Huyo mpwa hana wasiwasi kwamba unamchungulia?
Ukiingia, kwenye skrini yake panatokea taarifa kwamba kompyuta inashirikiwa, pamoja na kitufe cha kukata. Ameshanikata mara mbili, zote wakati wa mpira.