Kuagiza buti za ngozi kwa kikundi: mimi hufanya hivi

Mara ya kwanza niliagiza jozi 11 kwa wenzangu tunaopanda milima pamoja, na jozi 3 zikanirudia mlangoni. Moja ilibana kidole cha mwisho. Ya pili ilikuwa na rangi ambayo mwenyewe aliapa hakuichagua. Ya tatu haikuwa na kosa lolote, ila mwenyewe alikuwa ameshajipatia nyingine ya mtumba soko la Gikomba, hapa Nairobi. Ngozi ilikuwa nzuri, fundi hakunidanganya hata siku moja. Kosa lilikuwa langu: nilikusanya pesa kabla ya kukusanya maamuzi. Tangu hapo nimeagiza mara nne zaidi.

Anza na kiatu, watu watafuata. Mimi hutangaza buti moja tu: ya kamba, ya kufunika kifundo, soli ya mpira yenye meno iliyoshonwa pembeni, si ya gundi peke yake. Rangi mbili, kahawia na nyeusi. Anayetaka zipu ubavuni au manyoya ndani, namwambia aende kwa fundi kivyake. Wataniita mkali, sawa. Kila badiliko dogo linamlazimu fundi kukata upya vile vipande vya karatasi ngumu anavyofuata, na hapo bei ya kikundi inakufa. Soli ya kushonwa naing'ang'ania kwa sababu matope ya milima ya Aberdare yana tabia ya kuvua soli, na iliyoshonwa unaweza kuibadilisha miaka mitatu baadaye buti likiwa lilelile.

Fundi wangu yuko soko la Kariokor, jirani na Ngara. Jina la mtaa huo limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, kwa hiyo naona ni mahali panapofaa kuzungumzia miguu. Usiende na orodha siku ya kwanza. Nenda ukaone anachoshona, pinda buti lililokamilika kwa mikono yako, tazama mishono ya ndani ambako hakuna anayeangalia. Muulize pia kalibu zake, zile lasti zenye umbo la mguu anazoshonea kiatu, zinaanzia namba ngapi. Wangu alikuwa na 39 hadi 45. Dada mmoja wetu anavaa 37, na tuligundua hilo tukiwa tumeshachangisha.

Faida ya kuagiza pamoja iko kwenye ngozi. Inauzwa kwa futi za mraba, na upande mmoja wa ng'ombe, yaani ngozi iliyopasuliwa kati kufuata uti wa mgongo, unakupa futi 20 hivi. Buti kama letu linakula karibu futi 4 kwa jozi ukihesabu na vipande vinavyotupwa. Ni rahisi kupiga hesabu ukasema upande mmoja, jozi 5. Fundi alicheka. Aliitandaza mezani, akanishikisha kidole mgongoni, akakishusha hadi tumboni. Mgongoni ilikaza kama mkanda. Tumboni ilikuwa laini, ukiivuta inakuja na hairudi.

"Madam," akaniuliza, "nani katika watu wako atavaa tumbo?"

Sasa tunanunua kwa hesabu ya jozi 4 kila upande. Sehemu ya mbele inayokunjika ukitembea lazima itoke mgongoni. Ulimi unaweza kutoka tumboni, hauumizi mtu. Hilo liandike kwenye makubaliano, maana fundi akibanwa na ngozi ndogo atakata anapopata.

Kupima miguu ndiyo kazi yenyewe, na usikubali mtu akutumie namba ya kiatu chake cha ofisini. Mimi huwapima wote siku moja, jioni, tukitoka kutembea Ngong Hills, kwa sababu mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda. Kila mtu anavaa soksi atakazopandia mlima. Anasimama wima juu ya karatasi, uzito umegawanyika miguu yote miwili, nami nazungusha penseli iliyosimama wima kabisa. Mwaka ule wa kwanza niliilaza kidogo kuelekea ndani ya unyayo. Mchoro ukatoka mwembamba kuliko mguu, na ndipo kikazaliwa kile kidole kilichobanwa. Ukimaliza kuchora, chukua utepe wa fundi cherehani upime mzingo pale mguu ulipo mpana, kisha juu ya tao, kisha kifundo. Pima miguu yote miwili, kwa kuwa wengi wetu tuna mmoja uliozidi mwenzake, na buti hufuata ule mkubwa. Mwenye karatasi aandike jina, rangi, tarehe na sahihi yake palepale. Hiyo sahihi ndiyo iliyomaliza kesi za rangi.

Pesa ziguse mwisho, karatasi zote zikiwa mkononi. Safari iliyopita buti lilikuwa 6,800, nikachukua arbuni ya 4,000 isiyorudishwa. Nina laini nyingine ya simu kwa kazi hii tu, maana pesa za buti zikilala pamoja na pesa za unga zitaliwa. Mtu akituma kwa M-Pesa kupitia simu ya mume au ndugu, ujumbe utakuja na jina usilolijua. Liandike mara moja kwenye daftari. Fundi naye simpi zote kwa mpigo. Anapata za ngozi na soli kwanza, nyingine sehemu za juu zikishashonwa nami nimeziona kwa macho, na zilizobaki siku ya kuchukua.

Jozi ya kwanza iwe ya majaribio. Mchague mwenye mguu wa kawaida, aivae wiki mbili, ashuke nayo Mlima Longonot. Kushuka ndiko kunakosema ukweli: vidole vikigonga mbele, buti ni fupi au kamba hazishiki. Nyingine zisikatwe kabla hajarudi na habari.

Kuhusu muda, fundi akisema wiki tatu, watu waambie wiki sita. Stima hupotea, soli za namba fulani huisha mjini. Usipeleke kazi Desemba. Nusu ya mafundi wameenda mashambani kwao, na wakirudi Januari wanakuta foleni ya viatu vya shule.

Siku ya kugawa, kila mtu avae buti zote mbili na soksi zake, apande na kushuka ngazi mara kadhaa, ndipo alipe salio. Walio Nakuru na Kisumu nawatumia kwa ofisi za vifurushi za matatu, baada ya salio kuingia. Aliyepata kasoro ya fundi, buti lirudi wiki hiyohiyo, fundi akiwa bado anatukumbuka.

Karatasi za miguu usizitupe. Zangu ziko kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati, na yule wa buti la mtumba wa Gikomba alishanipigia kuuliza kama yake bado ipo.